Ihelele na Mkataba wa 1929

Wilayani Misungwi ndiko kiliko chanzo cha Ihelele, kinachopeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga. Mradi ulianza 2004 na kuzinduliwa 2009. Kwa nini Usukuma ungoje hivyo, ziwa likionekana? Wengi hutaja makubaliano ya 1929, ambamo Uingereza iliiahidi Misri kuwa hakuna kazi ya umwagiliaji wala umeme itakayopunguza maji ya Nile, hata katika maziwa inamotoka, bila ridhaa ya Misri. Tanganyika haikuulizwa. Lakini jibu hilo halitoshi: Julai 1962 serikali yetu iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano hayo. Kisheria tulijinasua mapema. Tuliponaswa ni kwenye fedha. Benki ya Dunia hutaka nchi nyingine za bonde zitaarifiwe kabla haijagharimia mradi wa aina hii, na pingamizi la Misri lingeweza kuuchelewesha mkopo. Ndiyo maana ninaona uamuzi mzito zaidi ni ule wa kujenga Ihelele kwa fedha za serikali. Hata Mkataba wa Entebbe wa 2010 kuhusu bonde la Nile, ulioanza kutumika Oktoba 2024, hauisaidii nchi isiyoweza kulipia bomba lake.

Misri husema haina mto mwingine, na hofu yake ni ya kweli. Hata hivyo, takriban asilimia 85 ya maji ya Nile yanayoifikia hutoka Ethiopia, na maji ya kunywa ya Shinyanga ni sehemu ndogo mno. Wala kuyakataa kwetu makubaliano ya 1929 hakukuvunja urafiki: Desemba 2018 kampuni za Misri zilipewa kazi ya kujenga Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji. Hoja inayonisumbua zaidi ni kwamba tumebadilisha tegemeo tu, kwani Ihelele ilijengwa na Wachina, na bomba la kwenda Tabora, Nzega na Igunga likalipiwa kwa mkopo wa India. Ni kweli, ila mkandarasi hubadilishwa na mkopo huisha, wakati kibali cha 1929 hakikuwekewa mwisho. Tofauti hiyo itadumu iwapo tu wahandisi wetu wanaweza kuzifungua na kuzifunga upya pampu za Ihelele bila kumsubiri fundi wa nje, na bili za maji zinatosha kununua vipuri. Sharti la kuwafunza wahandisi wetu kazi hiyo liandikwe ndani ya kila mkataba mpya wa ujenzi, kabla ya kutiwa saini.