Tarakilishi Isiyokubali Kuzimika: Chanzo, Utatuzi na Suala la Istilahi

Utangulizi

Kwa mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili, tarakilishi ya nyumbani ndiyo kalamu, ndiyo kabati na ndiyo maktaba. Humo mna rasimu za tasnifu, rekodi za ngano na nyimbo zilizokusanywa nyanjani, maswali ya mitihani na alama za wanafunzi. Licha ya umuhimu huo, watumiaji wengi hufunzwa namna ya kuiwasha na kuitumia, lakini si namna ya kuizima. Upungufu huu hubainika siku ile mashine inapoamriwa izimike ikakataa. Kiwambo hubaki na ujumbe uleule kwa nusu saa, au huwa cheusi ilhali feni ingali inavuma, au mashine huzimika na papo hapo ikajiwasha tena. Aghalabu mtumiaji hukata shauri kwa kuchomoa waya ukutani. Njia hiyo ni ya haraka, lakini huenda ikamgharimu kazi ya miezi.

Makala haya yanaeleza kinachotendeka tarakilishi inapozimwa, sababu za kukwama kwake na hatua zinazofaa kufuatwa. Mifano inahusu tarakilishi za nyumbani zenye mfumo endeshi wa Windows. Hoja ya msingi ni kwamba tarakilishi isiyozimika haifanyi ukaidi bali inasubiri jibu kutoka mahali fulani, na kazi ya mtumiaji ni kumtambua anayesubiriwa. Fauka ya hayo, makala yanaonyesha kwamba istilahi zinazotumika kuzitaja hali za mashine zaweza kumsaidia au kumpotosha anayetafuta kiini cha tatizo.

Kuzima Taa na Kufunga Duka

Kitenzi 'zima' kimezoeleka zaidi katika kurejelea moto na taa. Taa ikizimwa, giza huingia mara moja. Hakuna shughuli nyingine inayotangulia. Mtu akiichukua dhana hii na kuipachika kwenye tarakilishi, hutarajia kwamba akibonyeza kitufe kila kitu kitakoma papo hapo. Kwa hakika, kuzima tarakilishi kunafanana zaidi na kufunga duka jioni. Mwenye duka huwahudumia wateja waliosalia, huingiza bidhaa zilizokuwa barazani, huhesabu mauzo, huandika daftari na kutia komeo madirisha. Taa huzimwa mwisho. Mteja mmoja akikataa kutoka, duka halifungwi.

Vivyo hivyo, mfumo endeshi ukipokea amri ya kuzima huanza kwa kuziuliza programu zilizo wazi iwapo ziko tayari kufungwa. Kisha humwondoa mtumiaji katika akaunti yake na kuzisimamisha huduma zinazofanya kazi chini kwa chini, mathalani ile ya kuchapisha au ya kukinga virusi. Data iliyokuwa katika kumbukumbu ya muda huandikwa kwenye diski. Viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na vifaa kama vile printa na kadi ya mtandao, huarifiwa kwamba safari imefika kikomo. Hatimaye umeme hukatwa. Mashine yaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizi, na kila hatua ina dalili zake.

Ikumbukwe kwamba si zamani zote umeme ulikatwa na programu. Tarakilishi nyingi za mezani za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na swichi iliyokata umeme moja kwa moja. Windows 95 ilipomaliza kujifunga katika mashine kama hizo, ilimwandikia mtumiaji kwamba sasa ni salama kuizima, naye akamalizia kwa mkono wake. Mabadiliko yalikuja na muundo wa ATX mwaka 1995, pamoja na kanuni za usimamizi wa umeme ziitwazo ACPI, zilizotolewa na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996. Tangu hapo, mfumo endeshi wenyewe ndio huagiza umeme ukatwe. Urahisi uliongezeka, lakini na mlolongo wa wanaopaswa kuitikia amri hiyo ukarefuka.

Dalili na Maana Zake

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kugusa chochote, mtumiaji anapaswa kutazama mashine imekwama ikiwa katika hali gani. Hali nne ndizo hujitokeza mara kwa mara.

Ya kwanza ni pale ambapo kiwambo huonyesha orodha ya programu zinazozuia uzimaji. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote kwa kuwa anayesubiriwa ametajwa kwa jina. Mara nyingi ni programu ya kuandikia yenye waraka ambao haujahifadhiwa. Mtumiaji hupewa hiari ya kuzima kwa nguvu au kughairi. Inafaa aghairi kwanza, arudi kwenye programu hiyo, ahifadhi kazi yake na kuifunga mwenyewe. Kuzima kwa nguvu hapo ni sawa na kumfungia mteja nje huku mzigo wake ukiachwa ndani bila kuandikwa daftarini.

Ya pili ni pale ambapo ujumbe wa kuzima hubaki kwenye kiwambo kwa muda mrefu. Iwapo ujumbe huo unataja masasisho na kuonyesha asilimia, mashine inabadilisha faili zake yenyewe. Shughuli hiyo huchukua muda, hasa kwenye diski za zamani, na kuikatiza kwaweza kuifanya mashine ishindwe kuwaka. Dawa ni subira. Iwapo hakuna masasisho, yamkini kuna huduma isiyoitikia. Waraka uliokwama katika foleni ya printa ni mfano mmoja; programu mbili za kukinga virusi zinazogombana katika mashine moja ni mfano mwingine.

Ya tatu ni pale ambapo kiwambo huwa cheusi lakini feni na taa za mashine zikaendelea. Hapa programu zimekwisha kufungwa. Anayesubiriwa ni kiendeshi cha kifaa fulani, au ni mpangilio wa umeme. Chanzo kimoja kinastahili maelezo zaidi. Tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, mfumo huu umekuwa na mbinu ya uwashaji wa haraka. Mbinu hiyo ikitumika, mtumiaji akichagua kuzima, programu zake hufungwa, lakini kiini cha mfumo hakifungwi: hali yake huandikwa kwenye diski ili irejeshwe wakati wa kuwasha. Kiendeshi cha zamani kisichoelewana na mbinu hii chaweza kuikwamisha mashine njiani. Hapa pana kinaya: anayechagua kuwasha upya huifunga mashine kikamilifu kuliko anayechagua kuzima, kwa sababu katika kuwasha upya kiini nacho hufungwa na kuanza tena.

Ya nne ni pale ambapo mashine huzimika kisha ikajiwasha. Sababu yaweza kuwa hitilafu inayotokea wakati wa kuzima. Windows kwa kawaida imepangwa kujiwasha upya baada ya hitilafu kubwa, kwa hivyo ujumbe wa kosa hutoweka kabla haujasomeka. Sababu nyingine ni kifaa chenye idhini ya kuiamsha mashine, mathalani kadi ya mtandao au kibodi.

Utaratibu wa Kutafuta Chanzo

Baada ya kuitambua hali, mtumiaji afuate hatua moja baada ya nyingine, wala asibadilishe mambo mawili kwa pamoja. Akiyabadilisha kwa pamoja, tatizo likiondoka hatajua lililolitatua.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi kazi zote, kuzifunga programu kwa mkono, kisha kujaribu kuzima tena. Programu iliyoganda hufungwa kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Orodha ya shughuli zinazoendelea itatokea, naye ataichagua programu husika na kuisitisha.

Hatua ya pili ni kuondoa vifaa vya nje: printa, flashi, kamera na diski za ziada. Flashi iondolewe baada ya mfumo kuarifiwa, si kwa kunyofolewa tu. Foleni ya printa nayo isafishwe. Mashine ikizimika bila vifaa hivyo, virudishwe kimoja kimoja hadi mhusika ajulikane.

Hatua ya tatu inawahusu wenye Windows 8 na matoleo yaliyofuata. Mtumiaji ashikilie kitufe cha Shift huku akichagua kuzima. Kufanya hivyo huilazimisha mashine ijifunge kikamilifu. Ikizimika vyema kwa njia hii na kukwama kwa njia ya kawaida, basi uwashaji wa haraka unashukiwa. Mbinu hiyo huondolewa katika mipangilio ya umeme, sehemu inayoeleza kazi za kitufe cha kuwashia. Aidha, viendeshi visasishwe kutoka kwa watengenezaji wa mashine.

Hatua ya nne ni kusoma kumbukumbu za mfumo. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike eventvwr.msc na kufungua orodha ya matukio ya mfumo. Tukio nambari 1074 huonyesha programu au mtumiaji aliyeamuru mashine izimwe au iwashwe upya. Tukio nambari 6008 huonyesha kwamba uzimaji uliotangulia haukutarajiwa. Makosa yaliyoandikwa dakika chache kabla ya matukio hayo mara nyingi humtaja mhusika. Katika ile hali ya nne, mpango wa kujiwasha upya baada ya hitilafu uondolewe ili ujumbe wa kosa usomeke.

Hatua ya tano ni kuiwasha mashine katika hali salama, ambapo viendeshi na huduma za lazima tu ndizo hupakiwa. Ikizimika bila shida humo, tatizo limo katika yale yaliyoachwa nje, hasa programu iliyowekwa karibuni. Isipozimika hata humo, huenda faili za mfumo wenyewe zimeharibika, na ni busara kumhusisha fundi.

Kuzima kwa Nguvu

Kuna wakati ambapo njia zote hufungika. Ikiwa hakuna ujumbe wa masasisho, taa ya diski haijamemeteka kwa nusu saa, na kibodi haifanyi kazi, mtumiaji ashikilie kitufe cha kuwashia hadi umeme ukatike. Katika mashine nyingi, sekunde nne hadi kumi hutosha. Kuchomoa waya au betri kusifanywe mazoea.

Ni muhimu kuelewa kinachopotea hapo. Diski za Windows hutumia mpangilio wa NTFS, ambao huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya muundo wa faili. Kwa hivyo, umeme ukikatika ghafla, mfumo huweza kurekebisha orodha ya kilichomo na mahali kilipo. Hata hivyo, kumbukumbu hiyo hulinda rafu za maktaba, si maneno yaliyomo vitabuni. Sentensi zilizokuwa bado katika kumbukumbu ya muda hupotea. Programu ya Microsoft Word kwa kawaida huandika nakala ya uokozi kila baada ya dakika 10, hivyo mwandishi aweza kupoteza aya nzima hata pale mbinu hiyo inapofanya kazi. Flashi nyingi nazo hutumia mipangilio ya FAT32 au exFAT, isiyo na kinga hiyo. Mtafiti aliyeweka rekodi pekee ya mhojiwa wake mzee katika flashi moja amejiweka hatarini maradufu. Tahadhari kabla ya hatari: nakala ya pili ikae katika diski nyingine, na ya tatu nje ya nyumba.

Suala la Istilahi

Jitihada za kuitafsiri teknolojia kwa Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo imetoa Windows yenye kiolesura cha Kiswahili. Hata hivyo, maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba kuna hali tatu zinazohitaji majina yanayotofautiana waziwazi. Katika ya kwanza, mashine imepumzika huku kumbukumbu yake ikiendelea kupata umeme. Katika ya pili, hali yake imeandikwa kwenye diski na umeme umekatwa. Katika ya tatu, kila kitu kimefungwa. Zote zikiitwa 'kuzima', au mbili za kwanza zikiitwa 'kulala' bila kubainishwa, mtumiaji hunyimwa taarifa ambayo ingemsaidia kutatua tatizo.

Kiswahili hakikosi njia ya kuzitofautisha. Hali ya kwanza yaweza kuitwa 'kulaza', ya pili 'kulaza fofofo' na ya tatu 'kufunga'. Kwa mujibu wa istilahi hizi, uwashaji wa haraka huweza kuelezwa kwa sentensi moja: programu za mtumiaji zimefungwa, lakini kiini cha mfumo kimelazwa fofofo. Msomaji wa sentensi hiyo ataelewa kwa nini mashine aliyodhani ameizima bado inabeba hitilafu ya jana.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuzima tarakilishi ni msururu wa hatua, na kwamba kila hatua humsubiri mhusika wake aitikie. Mhusika huyo aweza kuwa waraka usiohifadhiwa, printa, kiendeshi au mpangilio wa umeme. Anayefuata dalili kwa utaratibu humpata, aghalabu bila gharama. Imebainika pia kwamba neno lisilo wazi huzaa utambuzi usio wazi. Kwa hivyo, waundaji istilahi na watafsiri wanapaswa kwanza kuichunguza mashine inavyofanya kazi ndipo waipe jina kazi hiyo, kwani atakayelisoma neno lao usiku, tasnifu ikiwa ndani ya mashine iliyokwama, hatakuwa na mwalimu wa kumuuliza.