Je, Wajua? Maziwa Hupita Mpirani

Je, wajua kuwa siagi inaweza kubeba kemikali za plastiki hata ikifungwa kwa karatasi? Kemikali hizo huitwa thaleti. Viwandani huchanganywa na plastiki ya PVC, ngumu kwa asili, ili ilainike na kupindika. Lakini hazishikamani nayo kikemia, hivyo huvuja polepole, nazo hupenda mafuta kuliko maji. Maziwa yakipita kwenye mipira laini ya PVC ya mashine ya kukamulia, thaleti hujificha katika mafuta yake. Mafuta yakikusanywa kuwa krimu, siagi au jibini, nazo hukusanyika humo. Watafiti wa Norway walikuta kiwango kidogo zaidi katika maziwa yaliyokamuliwa kwa mkono. Kumbe mkamuaji wa kale ana la kujivunia!

Mwaka 2017, bidhaa 30 za jibini zilipimwa Marekani; 29 zilikuwa na thaleti, na unga wa jibini wa makaroni za pakiti ndio uliotia fora.

Joto huongeza uvujaji. Maziwa ya mtoto yapashe kwenye sufuria, si kwenye chombo cha plastiki.