Ubao Ulio Nyuma ya Diski

Wengi waliokabidhiwa amana ya kutunza hesabu za benki, kumbukumbu za wagonjwa au majalada ya serikali huijua diski vyema, kwa kuwa huonekana kwa macho na hununuliwa kwa fedha. Lakini ni wachache miongoni mwao waujuao ubao ambao diski zote huchomekwa ndani yake, uliosimama nyuma ya trei pasipo kuonekana, ambao ndio huamua ni diski ipi itatambuliwa na kidhibiti kipi, yaani kifaa kinachoziongoza diski. Mafundi huuita bekipleni. Ubao huo huzipa diski umeme, huzipitishia data kwenda na kurudi, na huwasha taa ndogo zinazomjulisha fundi hali ya kila moja. Na maadamu kazi hizo zinatendeka kwa utulivu, ubao husahauliwa, nao usahaulifu huo ndio asili ya hasara nyingi ambazo aghalabu hulaumiwa diski.

Kabla ya kuueleza ubao yafaa kueleza safu inayojengwa juu yake. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa hoja kwamba diski nyingi za bei nafuu zikishirikishwa kwa hekima zaweza kuishinda diski moja kubwa yenye thamani, na mpango huo, uitwao RAID, umeenea katika seva za dunia nzima. Msingi wake ni hesabu nyepesi. Tuseme diski tatu zimebeba 4, 7 na 9, na ya nne ikabeba jumla yake, yaani 20. Ile yenye 7 ikifa, zilizosalia hutoa ushahidi, kwa sababu 20 ikipunguzwa 4 na 9 hubaki 7. Kidhibiti hutumia hesabu ya biti badala ya kujumlisha, ila maana ni hiyo hiyo. Aina yake iitwayo RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja, na ile iitwayo RAID 6 huvumilia vifo viwili.

Mimi huichagua RAID 6 kila diski zinapokuwa kubwa, na sababu yake ni muda. Diski ya terabaiti 4, ikijengwa upya kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7 hata kama seva haina kazi nyingine yoyote, na katika muda huo wote diski zilizobaki husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Safu ya RAID 5 yenye diski 8 za ukubwa huo hulazimika kusoma terabaiti 28, ilhali watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hutaja kiwango cha kosa 1 lisilosomeka kwa kila biti trilioni 100, ambazo ni terabaiti 12 na nusu. Kiwango hicho ni mpaka wa juu, wala si ahadi kwamba kosa litatokea. Hata hivyo sioni busara ya kuiweka amana ya watu juu ya bahati.

Sasa turejee kwenye ubao. Katika baadhi ya seva za PowerEdge za kampuni ya Dell, zenye nafasi 24 upande wa mbele, ubao hukubali kuwekwa katika hali mbili: hali ya umoja, ambapo kidhibiti kimoja huziona diski zote kuanzia namba 0 hadi 23, na hali ya mgawanyo, ambapo kidhibiti cha kwanza huona namba 0 hadi 11 na cha pili huona namba 12 hadi 23. Mgawanyo una manufaa yake, kwani kazi mbili hutenganishwa zisizuiane, na kila kidhibiti hubeba nusu ya mzigo. Badiliko lenyewe huandikwa katika mipangilio ya seva kwa dakika chache, lakini halianzi kutenda mpaka seva izimwe kabisa na kuwashwa upya. Na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa aliyeandika badiliko leo yamkini si yeye atakayeiwasha seva baada ya umeme kukatika wiki ijayo.

Fikiri safu ya RAID 6 yenye diski 8, kuanzia nafasi ya 8 hadi ya 15. Ubao ukigawanywa, kila kidhibiti kitaziona diski nne tu, na nne kati ya nane hazitoshi kuihuisha safu. Seva itaamka bila ya hazina yake, na skrini itazitaja diski hizo kuwa ngeni. Hakuna hata herufi moja iliyopotea wakati huo. Data ingali mahali pake, na alama za safu zingali zimeandikwa juu ya kila diski. Hasara huletwa na fundi aliyetaharuki, ambaye simu ya mkubwa wake inalia na usiku umekuwa mkubwa, anapokubali kufuta usanidi mgeni, yaani alama hizo za safu, kisha akaunda safu mpya na kuianzisha, na kwa amri hiyo akaandika sifuri juu ya kazi ya miaka. Lililompasa ni kuizima seva, kuurudisha ubao katika hali yake ya awali, kuiwasha tena, na kidhibiti kikiuliza habari ya usanidi mgeni, auingize wala asiufute.

Kosa la pili, ambalo nalo huzaliwa na kutoujua ubao, ni la kuchomoa diski nzima badala ya iliyokufa. Namba huanza na 0, kwa hiyo diski namba 5 ni ya sita kwa kuhesabu, na safu ya RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski moja haiwezi kuvumilia ya pili kuondolewa. Vidhibiti vingi vya kisasa vyaweza kuamriwa kumulika taa ya diski inayotafutwa. Amri hiyo itolewe kila mara, na namba ya utambulisho iliyoandikwa katika trei ilinganishwe na ile iliyo kwenye skrini kabla mkono haujagusa kitu.

Na kabla ya hali ya ubao kubadilishwa, iandikwe orodha ya kila nafasi, diski iliyomo na safu inayoitumikia, kisha nakala kamili ya data itolewe nje ya seva. RAID haishiki nafasi ya nakala hiyo: faili likifutwa kwa makosa, hufutwa katika safu nzima papo hapo, na diski zote hukubaliana kwamba halikuwapo.