Pima Tatizo Kabla ya Kulipia Matengenezo: Kompyuta Mpakato Yenye Vichakataji Viwili vya Picha

Kompyuta mpakato nyingi, mpya na zilizotumika, zina vichakataji viwili vya picha. Cha kwanza kimo ndani ya kichakataji kikuu cha Intel au AMD. Hutumia umeme kidogo na hutosha kwa kazi za kila siku. Cha pili, aghalabu cha NVIDIA au AMD, kina nguvu zaidi na hutumika kwa kazi nzito kama kuhariri video ya harusi. Kila kimoja huhitaji kiendeshi chake, yaani programu inayokiunganisha na Windows. Mafundi huiita draiva.

Kiendeshi kimoja kikiharibika, skrini huweza kuwa nyeusi, picha kukwama au programu kujifunga ghafla. Dalili hizo hufanana mno na za kifaa kilichoungua, na hapo ndipo mlaji hupata hasara. Mwanafunzi wa chuo Butiama au mwenye studio Bunda anaweza kusafiri hadi Musoma na kulipia bodi nyingine, ilhali kilichohitajika ni kusakinisha upya programu inayotolewa bure.

Hatua za kufuata

1. Nakili kwanza mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, iwapo kompyuta bado inafunguka.

2. Washa kompyuta na utazame nembo ya mtengenezaji. Mistari ikionekana kabla Windows haijaanza, shuku skrini, waya wake au kifaa chenyewe. Ikianza baada ya Windows kufunguka, shuku kiendeshi kwanza.

3. Skrini ikizimika ghafla, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Kiendeshi cha picha huanzishwa upya bila kuzima kompyuta.

4. Fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Majina mawili yanapaswa kuonekana. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", kiendeshi sahihi hakijasakinishwa. Alama ya mshangao ya njano nayo huonyesha kasoro.

5. Tatizo likianza baada ya sasisho, bonyeza mara mbili jina la kichakataji husika, nenda sehemu ya "Driver" na uchague "Roll Back Driver" ili kurejesha kiendeshi cha awali.

6. Ikishindikana, pakua viendeshi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia modeli iliyoandikwa chini yake. Sakinisha kwanza cha kichakataji cha ndani, kisha cha kile chenye nguvu. Faili la NVIDIA laweza kuzidi megabaiti 500. Hakikisha kifurushi cha intaneti kinatosha na betri imejaa, umeme usije ukakatika kazi ikiwa katikati. Epuka programu zinazodai malipo ili zikutafutie viendeshi.

Tatizo likirudi baada ya hatua hizi, hasa unapofungua programu nzito, kifaa chenyewe chaweza kuwa kibovu. Muone fundi.

Unapokuwa kwa fundi au muuzaji

Mweleze fundi hatua ulizochukua na majibu uliyoyapata. Omba maelezo ya kasoro na bei kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Katika kompyuta mpakato nyingi, kichakataji cha pili kimechomelewa kwenye bodi. Hivyo, ukiambiwa "kadi" itabadilishwa, uliza ni kifaa gani hasa, na uombe kurejeshewa kilichotolewa.

Unaponunua kompyuta iliyotumika, fungua "Device Manager" dukani, mbele ya muuzaji. Tangazo likitaja NVIDIA na jina hilo halionekani, usilipe mpaka upewe maelezo ya kuridhisha. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe masharti ya dhamana yameandikwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Ukiona umepotoshwa, zungumza kwanza na aliyekuuzia. Msipoelewana, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na risiti, maelezo ya fundi na picha za skrini yenye kasoro. Malalamiko yenye vielelezo huchunguzwa kwa urahisi zaidi kuliko yanayotegemea kumbukumbu pekee.