Dawa iko haki ya mutumishi, haiko zawadi ya farmasi moja

Wandugu watumishi, ku milango ya mine na mu bisi za ekipe, manunguniko iko moja: ordonansi. Munganga anaandika dawa tatu. Kampuni ya asiransi inasema muende tu ku farmasi ile yeye alichagua. Unafika kule: dawa moja iko, mbili haziko. Mu Katuba ao mu Ruashi, karibu na nyumba yako, kuko farmasi yenye zile mbili, lakini bon yako haina nguvu pale. Unalipa na makuta yako, ao unarudia mikono mitupu.

Wakati wa Union Minière, na kiisha Gécamines, mutumishi alikuwa na lopitali ya kampuni, na dawa ilitokea mulemule. Haikukosa kasoro, lakini ulijua mulango wa kugonga. Leo wengi wetu tunatumika kwa sous-traitants. Sheria namba 15/005 ya 17/3/2015 ilimaliza monopoli ya SONAS, na tangu 2019 kampuni za asiransi za private zimeingia mu soko. Waajiri wengi wanaweka matunzo yetu mu mikono yao. Ukiuliza kampuni, inakutuma kwa asiransi. Asiransi inakutuma kwa farmasi. Farmasi anakurudisha kwa kampuni.

Sababu yake haiko siri. Farmasi anapunguza bei, na asiransi anamuletea wagonjwa wengi. Kama farmasi iko moja, hesabu ni nyepesi na wizi wa bon unapungua. Hatukatae ile: bon za uongo ziko. Lakini asiransi analipa nyuma. Akichelewa, farmasi anaanza kuficha dawa za bei kali. Hapo njo unasikia "hakuna". Deni iko ya wakubwa wawili, lakini mwenye tansio ao sukari njo anakosa kidonge.

Jirani zetu wanajua ile mambo. Tanzania, tarehe 1/3/2024, hospitali kubwa za private zilisimamisha kupokea wanachama wa NHIF, sababu hawakupatana juu ya bei mupya. Watu walikuwa na kadi mu mukono, na mulango ulifungwa.

Sheria yetu inasema nini? Code du travail, sheria namba 015/2002 ya 16/10/2002, inaomba mwajiri atoe matunzo kwa mutumishi na jamaa yake, na dawa iko ndani. Kampuni inaweza kulipa asiransi ili afanye ile kazi, lakini mzigo unabaki wa kampuni. Hakuna fasi sheria inasema kama farmasi anakosa dawa, deni inahamia kwa mugonjwa.

Kwa hiyo, mu mazungumuzo na waajiri, sisi watu wa sendika tunaomba mambo tatu. Ya kwanza: farmasi zaidi ya moja, mu commune fasi watumishi wanaishi, si mu katikati ya muji tu. Mama mwenye mutoto wa homa hawezi kupanda taksi mbili usiku juu ya siropo. Ya pili: farmasi akikosa dawa, aandike, na mugonjwa anunue popote, arudishiwe franga yake mu siku zenye kuandikwa mu mapatano. Ya tatu: délégués wakuwe ku meza wakati kontra ya asiransi inafanywa upya, si kuipata kisha sahihi.

Wakikataa, njia ya Inspection du travail iko wazi. Lakini kule, maneno ya mudomo hayatoshe. Basi, tangu leo: usipasue ordonansi. Wakikuambia "hakuna", omba farmasi aandike nyuma yake, na tarehe na kashé. Ukinunua fasi ingine, chunga risiti. Fanya kopi ya yote, letea délégué wako. Karatasi moja wataitupa. Karatasi mia wataisoma.