Misisi: nyonga ya bandia inalindwa nyumbani

Hakuna mtu wa Misisi anayetaka kurudia safari ya kwenda mjini kupasuliwa. Lakini nyonga ya bandia inaweza kuchomoka, zaidi sana katika miezi 3 ya kwanza. Sababu ni hii: nyonga hiyo ni kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, na nyama zilizokatwa bado hazijashika.

Mara nyingi si mzigo mzito unaoichomoa. Ni mikao ya kila siku: goti kupanda juu kuliko kiuno, mguu kupita juu ya mwenzake, ao kugeuka kwa ndani. Kwa hiyo kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni hatari. Familia itoboe kiti kirefu, kigumu, na kukiweka juu ya shimo. Mama asiiname kwenye mafiga wala kukaa kwenye kigoda. Kitu kikianguka, mtoto aokote. Usiku, mto wa kichwa ukae katikati ya magoti. Pikipiki ingoje ruhusa ya daktari.

Masharti yanategemea daktari alipasulia upande gani. Basi, mumuulize mbele ya kutoka hospitali.

Maumivu yakija ghafla, mguu ukawa mfupi ao kupinda, na mgonjwa hawezi kukanyaga, msimwite fundi wa kunyoosha mifupa. Msiuvute. Mlazeni, mumpeleke hospitali: nyonga hurudishwa mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, kisha picha inapigwa.