Ukiona 94, Anza na Waya

Mafundi wa mtandao wana namba wanazozitilia shaka, na inayoongoza ni 94. Mteja analipia Mbps 200 au 500, anafungua programu ya kupima spidi kwenye kompyuta, mshale unapanda haraka, unafika 93 na kitu, basi. Akirudia asubuhi ni 94, akirudia usiku ni 94. Mtandao uliozidiwa na watumiaji hauna tabia hiyo, wenyewe hupanda na kushuka. Namba isiyotikisika inatoka kwenye chombo chenye kikomo, na mara nyingi chombo hicho kiko ndani ya nyumba yako.

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, zimesokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Gigabiti moja inahitaji jozi zote nne. Ukikatika uzi mmoja, panya akiutafuna, au fundi akikibana vibaya kichwa cha waya, rauta na kompyuta mara nyingi haziachi kuwasiliana. Zinakubaliana kimyakimya kurudi kwenye kiwango cha zamani cha Mbps 100, ambacho kinatumia jozi mbili tu. Taa inawaka, WhatsApp inafunguka, hakuna anayeshtuka. Katika hizo 100, sehemu ndogo huliwa na anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti ya data, zinabaki kama 94. Kwa hesabu hiyohiyo, gigabiti kamili husomeka kama 940, na poti ya gigabiti 2.5 ikikuonyesha 2,350 hivi, imekupa chote ilicho nacho. Usimgombeze mtu.

Tuondoe pia mkanganyiko mmoja wa haraka. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, lakini kompyuta ikipakua faili inahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mbps 80 zinaonekana kama megabaiti 10 kwa sekunde. Hapo hujaibiwa.

Wasomaji wa Ngara na Biharamulo wanaweza kuuliza: gigabiti za nini, wakati huku wengi tunaishi kwa rauta ya laini ya simu? Swali zuri, nitalifikia. Ila kanuni ni ileile kwa mwenye Mbps 10 na mwenye gigabiti 2. Wanaolikumbuka daraja la zamani la Rusumo, kabla jipya halijazinduliwa mwaka 2016, wanajua malori yalivyokuwa: barabara yenye njia mbili toka Nyakanazi, halafu ukifika mto Kagera, gari moja kwa wakati mmoja. Data nayo inapita kwenye mnyororo wa vyombo, na chombo chembamba kuliko vyote ndicho kinachoamua spidi yako. Kazi ya fundi ni kukitafuta, na utafutaji unaanzia mezani kwenda nje. Kwa bahati mbaya wengi wetu tunaanzia nje: tunapiga simu huduma kwa wateja kabla hatujagusa waya.

Anza basi na waya. Badilisha, weka mwingine mfupi unaojua ni mzima, pima tena. Ikiwa 94 imeruka kuwa 400, kesi imekwisha. Ukienda dukani kununua mpya, soma maandishi kwenye ganda lake: Cat5e inatosha kabisa kwa gigabiti 1, na hata kwa 2.5, hadi mita 100. Kwa gigabiti 10 kwa umbali huohuo ndiyo unahitaji Cat6A. Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Madukani kuna waya wa bei nafuu ambao nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukikutana na weupe chini ya wekundu, umeshikishwa alumini. Inakatika ukiikunja mara chache, haivumilii umbali, na siku moja itakurudisha kwenye 94.

Baada ya waya, geuza rauta uangalie mgongo wake. Boksi limeandikwa 300 kwa herufi kubwa. Chukua TP-Link TL-WR840N, rauta iliyozagaa sana Afrika Mashariki: 300 hiyo ni ya hewani, tena ya kwenye makaratasi, ila poti zake zote za waya ni za Mbps 100. Kitu hakiwezi kutoka hewani kwa 300 ikiwa kimeingia kwa 100. Rauta za bei kubwa nazo zina ujanja wake. Nyingi zinazotangazwa kuwa za gigabiti 2.5 zina poti moja tu ya kiwango hicho, ile ya kupokelea mtandao, na poti za kugawia ni za gigabiti 1. Kompyuta moja haitaona zaidi ya 940 hata ungelipia mara mbili. Kompyuta yenyewe pia ikaguliwe: adapta ya mtandao iliyochomekwa kwenye USB 2.0 haivuki Mbps 480, na ukitoa gharama za njiani hufiki hata hapo. Ndiyo maana mwenye gigabiti 2 anapaswa kupima kwa vifaa viwili au vitatu kwa pamoja na kujumlisha.

Kuna kikomo kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni ubongo wa rauta. Ili kupitisha gigabiti kwa wepesi, rauta nyingi hutegemea kipande maalumu cha maunzi kinachosukuma pakiti bila kuisumbua prosesa. Ukiwasha kipengele cha kugawa kipaumbele kati ya watumiaji, au udhibiti wa wazazi unaochungulia kila tovuti, kwenye rauta nyingi kipande hicho kinazimwa na prosesa inabeba mzigo wote peke yake. Spidi inashuka toka 900 hadi 300 bila kosa lolote la mtoa huduma. Zima vipengele hivyo, pima, kisha urudishe kimoja kimoja.

Wi-Fi ndiyo yenye malalamiko mengi, na binafsi naona inalaumiwa kuliko inavyostahili. Simu nzuri ya antena mbili kwenye Wi-Fi 5 huandika Mbps 866. Hicho ni kiwango cha mawasiliano ya redio, mtumiaji hupata kama nusu yake au zaidi kidogo akiwa chumba kimoja na rauta. Akivuka ukuta wa tofali la kuchoma inapungua. Akiweka rauta kwenye chumba cha duka kilichozungushiwa mabati, asilaumu mtu, kwa kuwa bati linarudisha mawimbi. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini hayapendi kuta. Yale ya 2.4 GHz yanapenya, ila yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Kwenye nyumba ya wageni yenye rauta tano zote zikiwa chaneli 6, kila moja inasubiri zamu ya mwenzake.

Sasa turudi kwetu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unafika mpaka wa Rusumo na ule wa Kabanga, wilayani Ngara, kuziunganisha Rwanda na Burundi. Uzi wenye uwezo mkubwa unapita karibu, lakini kupitiwa na mkongo si kuunganishwa nao. Kaya na ofisi nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo zinapata mtandao kwa laini ya simu kupitia rauta ya 4G, na hapo panapobana ni kati ya nyumba na mnara, au kwenye mnara wenyewe.

Rauta nyingi za bei ya kawaida ni za daraja la nne, maana yake kikomo chake ni Mbps 150 hata ukiishi chini ya mnara. Fungua ukurasa wake wa mipangilio, kwa kawaida 192.168.8.1 au 192.168.0.1, utafute namba mbili. Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Inaandikwa kwa hasi, na inapokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -85 ni nzuri, -105 ni ya kuvumilia, -115 ni taabu. Ya pili ni SINR, inayoonyesha mawimbi yako yanavyosikika juu ya kelele. Zaidi ya 20 ni raha, chini ya sifuri ni vurugu. Vile vipande vya mnara juu ya kioo cha simu achana navyo, havikuambii hata nusu ya haya.

Ngara ni nchi ya vilima, na kilima ni ukuta. Nyumba iliyo upande wa pili wa mlima haiuoni mnara hata kama mnara uko kilomita mbili. Huko kuhamisha rauta toka sebuleni hadi dirisha linaloelekea mnara kunaweza kuinua RSRP kwa namba kumi, na kila desibeli kumi ni nguvu mara kumi. Kama rauta ina matundu ya antena ya nje, antena ya kuelekeza iliyofungwa juu ya mlingoti itafanya zaidi ya kifurushi chochote. Biharamulo, kwenye ardhi iliyotulia zaidi, mnara unaweza kuonekana mbali, lakini umbali wenyewe unakula nguvu.

Wanaoishi Rusumo na Kabanga wana mtihani wao wa ziada. Minara ya ng'ambo inatupa mawimbi hadi huku, na ikitumia masafa yaleyale inageuka kuwa kelele: RSRP nzuri, SINR mbaya. Simu yenyewe wakati mwingine inahamia nchi jirani. Dalili yake ni ya kuchekesha kidogo: saa ya simu inarudi nyuma kwa saa moja, kwa sababu Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiona hivyo, zima utafutaji wa mtandao unaojiendesha wenyewe, mchague mtoa huduma wako kwa mkono, na huduma ya kutumia laini nje ya nchi iwe imezimwa, isije ikakula salio.

Je, kama namba zote mbili ni nzuri na spidi bado ni duni? Pima saa kumi na moja alfajiri, kisha saa mbili usiku. Ukipata 35 alfajiri na 3 usiku, rauta yako ni nzima. Mnara umejaa, na rauta mpya haitausaidia. Jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kununua kifaa.

Programu ya kupima nayo ina upofu wake. Ukiwa Ngara inaweza kukuchagulia seva ya Kigali kwa kuwa ni karibu kwenye ramani, ilhali pakiti zako zinaweza kuwa zinazunguka hadi Dar es Salaam kabla ya kurudi magharibi. Chagua mwenyewe seva ya Dar es Salaam, kisha ya ng'ambo ya bahari, ulinganishe. Ya Dar ikiwa nzuri na ya nje mbaya, tatizo liko mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo kuwasha na kuzima rauta ni kupoteza umeme.

Nikiwa kwenye umeme: chunguza adapta. Iliyokuja na rauta ikiungua, watu huchukua yoyote inayoingia tunduni. Rauta inayotaka volti 12 na ampea 1.5 ikipewa ampea 0.5 inaweza kuwaka vizuri kabisa, halafu ikajizima na kujiwasha, au Wi-Fi ikadhoofika mzigo unapoongezeka. Wanaounga rauta moja kwa moja kwenye betri ya sola waweke kidhibiti cha volti, maana betri ya volti 12 ikichajiwa hupanda hadi 14 na zaidi.

Kwa aliyefikiwa na faiba mlangoni, namba ya kutazama ni nguvu ya mwanga kwenye kisanduku cha faiba. Kwa mfumo wa kawaida wa GPON ikishuka chini ya -27, mara nyingi uzi umekunjwa kwa nguvu, umechafuka au umeungwa vibaya. Usiupinde kufuata kona ya ukuta na usichungulie ndani yake. Ukumbuke pia kuwa GPON ina gigabiti 2.5 kasoro kidogo za kushusha data kwa tawi zima, na tawi hilo mara nyingi hugawiwa nyumba 32 au 64. Anayekuuzia gigabiti 5 juu ya mfumo huo muulize atazitoa wapi.

Ukishafika hapo na bado spidi haifiki, sasa piga simu. Usiseme mtandao unasumbua. Sema: nimepima kwa waya, saa mbili usiku, seva ya Dar es Salaam, nimepata 6, alfajiri 40, RSRP -88, SINR 15. Omba namba ya malalamiko, uiandike pamoja na tarehe. Mtoa huduma asipokutatulia, unayo haki ya kulifikisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.